Madarasa ya awali yaongezwe kwa kasi ya wakufunzi

Wilaya ya elimu ikitangaza kupanua elimu ya awali, hesabu ya kwanza kutajwa ni nafasi ngapi zitafunguliwa. Mimi naamini hesabu ya kwanza iwe ni wakufunzi wangapi wapo wa kuingia madarasani na kukaa na walimu.

Marekani imetupa mifano miwili. Shule za umma za Boston zilianza kupanua madarasa ya watoto wa miaka 4 mwaka 2005, zikatumia mtaala wa pamoja na wakufunzi wa kuwafuata walimu darasani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta watoto hao wamesonga mbele wazi katika msamiati, kusoma na hesabu. Jimbo la Tennessee nalo lilikuwa na walimu wenye leseni na ukomo wa watoto 20 kwa darasa. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba walipofika darasa la sita, alama za watoto waliopata nafasi zilikuwa chini ya zile za wenzao walioikosa. Kwenye karatasi masharti yalitimia. Ndiyo maana nasisitiza kinachotendeka ndani ya chumba.

Mkufunzi mmoja asipewe walimu zaidi ya 12. Amtembelee kila mmoja mara moja kwa wiki mbili, akae darasani saa moja na nusu, kisha wazungumze nusu saa siku hiyohiyo kuhusu jambo moja tu la kurekebisha. Asiwe yeye anayejaza fomu ya kumpima mwalimu kazini, maana mwalimu atamwonyesha somo la maigizo na matatizo halisi yatabaki yamefichwa. Kwa hesabu hiyo, wilaya yenye wakufunzi wawili ifungue madarasa 24, hata kama ina vyumba 40.

Jambo la kwanza la kuangalia ni muda unaopotea watoto wakihama kutoka shughuli moja kwenda nyingine. Darasa zima likipangwa foleni ya kunawa mikono, mtoto wa mwisho husubiri bila la kufanya, na hapo ndipo kusukumana kunapoanza; mwalimu naye hugeuka askari. Waende watano watano, wengine wakiendelea kwenye kona za vitabu, matofali ya mbao na maigizo.

Choo nacho huamua mengi kuliko wapangaji wanavyodhani. Darasa la watoto 20 lenye watu wazima wawili lina uwiano mzuri, lakini choo kikiwa ng'ambo ya uwanja, msaidizi akiondoka na wanne, mwalimu anabaki peke yake na 16. Hilo hutokea mara kadhaa kwa siku. Chumba kisicho na choo cha ndani au cha jirani kisichaguliwe. Samani za wakubwa pia ziondolewe: kiti kiwe na kimo cha sentimita 30 hivi, meza 50.

Mshahara nitausema kwa ufupi: mwalimu wa awali akilipwa chini ya mwenzake wa darasa la tatu, atahamia darasa la tatu, na mafunzo yote aliyopewa yatahama naye.

Mwisho, walimu wa darasa la kwanza wapokee, kabla ya muhula kuanza, ukurasa mmoja kwa kila mtoto: herufi anazozijua, anahesabu vitu hadi vingapi, anasimuliaje hadithi. Wasipoupata, hurudia herufi zilezile kwa wiki nyingi, na aliyetangulia hukaa akiwangoja wengine.