Picha au kinyama? Uvimbe wa figo unapoonekana Tabora

Karatasi ya utrasaundi ilikuwa imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati la mjomba. Tulipoikunjua uani, Ipuli, chini ya mwembe, maandishi ya kalamu yalikuwa yameshaanza kufutika kwenye mikunjo. Mjomba alikwenda kupima tezi dume kwa sababu usiku alikuwa akiamka mara nyingi kukojoa. Bila mtu kuutafuta, ukaonekana uvimbe wa sentimita 3.4 kwenye figo ya kushoto. Haumwi kiuno, hajawahi kukojoa damu, na wiki hiyo hiyo alikuwa Urambo akishughulika na tumbaku yake kwenye bani, banda la kuikaushia.

Daktari wa kwanza akamwambia figo itolewe mapema. Wa pili akataka kwanza kichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano, kipimwe, ndipo waamue. Mkaza mjomba naye akasema lake: "Kitu kimelala, nyie mnataka kukichokoa kwa sindano. Kikiamka kikasambaa, nani atakirudisha?"

Hofu hiyo ipo kila mtaa, na sipendi inavyodharauliwa. Ina chembe ya ukweli, nitaifikia. Lakini kwanza tuone picha yenyewe inajua nini.

Utrasaundi hutenganisha maji na nyama. Vifuko vya maji kwenye figo ni vingi kwa watu waliovuka miaka 50, na kile cha kawaida, chenye ukuta mwembamba na maji matupu, hakina neno. Tangu 1986 madaktari wa picha wana ngazi ya kuvipanga vifuko hivyo, iliyotungwa na Morton Bosniak wa New York: ngazi za chini huachwa, ngazi ya tatu karibu nusu huwa saratani, ya nne nyingi huwa saratani. Uvimbe ukiwa wa nyama tupu, inatakiwa CT, picha ya eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka. Mgonjwa hupigwa picha kabla ya kuchomwa dawa ya mshipani na baada yake, kuona kama uvimbe unainywa dawa ile. CT ina uwezo mmoja ninaoupenda sana: inaona mafuta. Uvimbe wa figo wenye mafuta ndani yake kwa kawaida ni angiomiolipoma, usio saratani, na hapo mtu ameepushwa kisu na sindano kwa pamoja. Miaka michache iliyopita CT ilikuwa habari ya Mwanza au Dar es Salaam. Sasa serikali imezisambaza kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na hilo limebadilisha mambo kwelikweli.

Anayesema picha inatosha ana hoja nzito, hasa uvimbe ukiwa mkubwa. Mtu mwenye uvimbe wa sentimita 10 unaokunywa dawa kwa nguvu, tena umeanza kuingia kwenye mshipa mkubwa wa figo, huyo sindano haimwongezei kitu kama saratani haijafika kwingine. Atapasuliwa tu, na figo nzima itapelekwa maabara, ambako kinyama chenyewe kitakuwa kikubwa kuliko chochote ambacho sindano ingeleta. Kumchelewesha kwa wiki kadhaa akisubiri jibu lisilobadilisha tiba ni kumwonea.

Uvimbe mdogo ndio unaoleta mgogoro. Kati ya uvimbe wa chini ya sentimita 4 unaotolewa kwa kudhaniwa saratani, takriban mmoja katika kila mitano hukutwa si saratani. CT inaona nyama iliyokunywa dawa, basi. Haiwezi kusema kwa uhakika kama ni saratani au onkositoma, uvimbe usio saratani. Mjomba ana presha ya miaka mingi na kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, iko juu kidogo. Kwa mtu kama huyo, kutolewa figo nzima ni hatua kuelekea mashine ya kusafisha damu, mara 3 kwa wiki kwa kawaida, maisha yote. Mtu wa Urambo ataishi wapi ili awe karibu na mashine? Ipo njia ya kukata uvimbe peke yake na kuiacha figo, na kwa uvimbe wa ukubwa ule ndiyo inayopendekezwa, lakini inataka mkono uliozoea kazi hiyo. Kwa hiyo daktari wa pili alikuwa sahihi, kwa sababu jibu la kinyama lingeweza kuiokoa figo.

Sasa ile hofu ya kusambaa. Sindano inayotumika ina unene wa milimita moja na ushee, na siku hizi hupitishwa ndani ya sindano nyingine iliyo pana zaidi, ili ikitoka isiguse nyama ya njiani. Saratani ya figo kupandikizwa kwenye njia ya sindano imewahi kutokea, ila ni nadra mno. Kinachotokea zaidi ni damu kuvuja kuzunguka figo, ambayo mara nyingi huacha yenyewe, na ndiyo maana mgonjwa huulizwa kama anatumia aspirini, inayochelewesha damu kuganda. Udhaifu mkubwa wa sindano uko kwingine: karibu mtu mmoja katika kumi hupewa jibu kwamba sampuli haikutosha. Tena jibu la "saratani ipo" huaminika kuliko jibu la "hakuna saratani", kwa sababu ncha ya sindano inaweza kuikosa sehemu yenyewe.

Hapo ndipo mjadala wa picha na kinyama unapokosea kwetu, maana watu hubishana juu ya sindano na kuisahau safari inayofuata. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya maji ya kukihifadhi kisioze, papo hapo, na fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wake. Kisha hugandishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi, ndipo mtaalamu wa patholojia akitazame kwa darubini. Mara ya kwanza, mjomba alikabidhiwa kichupa chake mwenyewe akipeleke Mwanza. Nilikiona: kifuniko kimefungwa kwa plasta, jina limeandikwa kwa kalamu iliyokwisha kuchuja, maji yamefika chini ya nusu, vyote ndani ya mfuko wa nailoni. Akapanda nacho basi kupitia Nzega na Shinyanga. Majibu yalikuja baada ya wiki 3: nyama imeharibika, haisomeki. Mzee wa watu alichomwa bure.

Kwa hiyo msimamo wangu una masharti. Kabla ya kukubali sindano, familia iulize: jibu likiwa hivi mtafanya nini, na likiwa vile mtafanya nini? Kama tiba ni ile ile, waachane na sindano. Na kama jibu lina kazi, waulize pia nani atakibeba kinyama, ndani ya nini, na kitasomwa wapi. Hospitali inayompa mgonjwa kichupa nusu tupu abebe mwenyewe haijamaliza kazi yake.

Kwa watoto mizani inageuka. Jirani yetu mmoja alikuwa akimwogesha mwanawe wa miaka 3, mkono ukagota kitu kigumu ubavuni. Kwa umri huo, uvimbe wa figo unaofikiriwa kwanza ni wa Wilms, ulioitwa hivyo kwa jina la daktari wa Ujerumani aliyeuandika mwaka 1899. Ulaya huanza na dawa za saratani kwa kutegemea picha na umri, bila kulazimisha kinyama. Upasuaji hufuata uvimbe ukishanywea. Marekani hutoa figo kwanza inapowezekana, na uvimbe uliochukuliwa kinyama kabla ya upasuaji huhesabiwa umefika hatua ya tatu, tiba ikaongezwa. Kote kuwili takriban watoto 9 katika 10 hupona. Hapa maneno ya mkaza mjomba yana uzito: uvimbe huu ni laini, hupasuka, na ukipasuka humwaga saratani tumboni. Ila anayeuchokoa kwetu mara nyingi si daktari, ni mkono unaomkanda mtoto tumbo kwa mafuta kila jioni ukidhani ni bandama. Nawasihi wazazi, msimkande.

Kwetu ningeufuata utaratibu wa Ulaya, kwa sababu watoto wetu hufika uvimbe ukiwa mkubwa. Lakini kuna tahadhari ambayo vitabu vya Ulaya haviipi uzito huo. Ukanda wetu una saratani ya Burkitt, ile ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958. Hukua kwa kasi na inaweza kujaa kwenye figo zote mbili. Tiba yake ni dawa, kutoa figo hakusaidii. Kwa hiyo mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili, au aliyezidi umri wa kawaida wa Wilms, au ambaye picha yake haieleweki, huyo achukuliwe kinyama, kwa sindano kutokea mgongoni, mahali ambapo kitasomwa.

Mjomba alichomwa tena, safari hii Mwanza kwenyewe, kichupa kikatembea hatua chache tu mpaka maabara. Jibu halikuwa lile tulilolitamani. Chembe ni za aina ya onkositi. Yaelekea ni onkositoma, lakini aina moja ya saratani isiyo kali inafanana nayo, na kipande kidogo hakiwezi kuitenga kabisa. Mkaza mjomba akauliza, sasa tumepata nini? Tumepata figo mbili ambazo bado ziko tumboni, na sababu ya kungoja. Kila baada ya miezi 6 anapigwa picha, na uvimbe unapimwa kwa milimita. Mara ya mwisho ulikuwa 3.5. Karatasi zote sasa ziko kwenye bahasha ya plastiki, kwa mpangilio wa tarehe, na anayezitunza ni mkaza mjomba.