Kiwanda cha magari kikiyumba kiokolewe, lakini bosi aondoke

Kila kiwanda cha magari kinapoyumba, swali ni lile lile: serikali ikiokoe kwa kodi za wananchi au ikiache kife? Mimi nasema kiokolewe. Nimeishi Tanga, na hapa viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine, hawakuumia wenye ajira peke yao. Mama ntilie wa getini aliumia, mwenye lori aliumia, na kijana aliyekuwa akijifunza ufundi ndani alibaki mtaani.

Marekani walilijua hilo mwaka 2008, kampuni za magari za General Motors (GM) na Chrysler zilipokuwa hoi. Ford, mshindani wao, haikuchukua mikopo ya dharura ya serikali, lakini bosi wake, Alan Mulally, alikwenda bungeni Washington kuwaombea washindani wake. Alikuwa na sababu nzito: anayewatengenezea GM viti na breki mara nyingi ndiye anayewatengenezea Ford. GM ikianguka ghafla, huyo anafilisika, na Ford nayo inakwama kwa kukosa vifaa.

Desemba 2008 Rais Bush akaidhinisha mikopo ya dola bilioni 17.4 kwa GM na Chrysler. Obama akaongeza, ila kwa masharti makali. Machi 2009 mkuu wa GM, Rick Wagoner, alitakiwa aachie ngazi. Juni kampuni ikaingia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wanaoidai, na serikali ikachukua takribani asilimia 60 ya hisa. Hisa za mwisho zilipouzwa Desemba 2013, hazina ilikuwa imepoteza zaidi ya dola bilioni 10 kwa GM. Zinauma, sikatai. Lakini kampuni ilibaki hai, na wanaoiuzia vifaa pia.

Uingereza nao waliichukua British Leyland mwaka 1975, kampuni iliyokuwa na Land Rover, gari ambalo wazee wetu wa Lushoto wanalijua vizuri. Fedha zikamwagwa miaka na miaka, na bado masalia yake, MG Rover, yakaanguka mwaka 2005. Kwangu mimi, fedha bila ukali ndiyo hiyo.

Sasa tuje kwetu. Tuna Nyumbu, kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari pale Kibaha, na tuna wanaounganisha malori. Tuna pia mafundi. Pita gereji za Ngamiani, hapa Tanga, umwone fundi akikereza bushi ya Fuso: anapima, anapunguza kidogo, anajaribisha, anarudisha kwenye mashine mpaka ikae. Huyo hana oda ya kiwanda chochote. Anasubiri gari liharibike ndipo ale.

Kwa hiyo serikali ikitoa hata shilingi moja kwa mtengenezaji wa magari, mkataba usomwe hadharani bungeni. Uonyeshe vipuri gani vitanunuliwa kwa mafundi wa ndani, kuanzia mwaka gani, na mkurugenzi asipofikia malengo ataondoka lini.