Pini imepita kwenye maikromita, mbona haiingii tunduni?

Kabla ya kusoma kipimo chochote kwenye mchoro wa kihandisi, angalia kisanduku cha maelezo pembeni chini: mchoro unafuata viwango vya kimataifa vya ISO au kiwango cha ASME Y14.5 cha Marekani? Kama hakisemi, usianze kukereza. Mrudishie mchoraji aandike.

Chukua pini ya chuma yenye kipenyo 20 ± 0.1 mm na urefu wa 150. Maikromita, kifaa cha kupimia kipenyo, inasoma 20.05 kila mahali, ila pini imepinda kwa 0.2. Kwa ASME hiyo ni mbovu, kwa sababu kanuni yake ya kwanza inataka pini nzima ienee ndani ya silinda nyoofu ya 20.1, ikiwa na 20.05, imebakiwa na 0.05 tu ya kupinda. Kwa upande wa ISO, kiwango cha ISO 8015 huhesabu ukubwa peke yake na umbo peke yake. Kipenyo kimepita, lakini pini itagoma kuingia kwenye tundu la 20.15. Mchoraji anayetaka iingie aweke herufi E ndani ya duara baada ya kipimo, inayodai silinda ileile ya ASME, au atoe toleransi (kiasi cha kukosea kinachoruhusiwa) ya unyoofu.

Kwenye matundu ya bolti, naona kutumia ± ni kupoteza chuma kizuri. ± 0.1 kwa pande mbili inachora mraba ambamo kitovu cha tundu kinaruhusiwa kuwa, na kona yake iko 0.14 kutoka katikati. Kama kona inakubalika, kwa nini upande mwingine wowote ukataliwe kwa umbali huohuo? Toleransi ya mahali yenye duara la kipenyo 0.28 inaondoa dhuluma hiyo na kuongeza eneo kwa karibu asilimia 54. Tundu lililohama 0.12 huku na 0.05 kule liko 0.13 kutoka katikati. Zidisha kwa mbili upate 0.26: limepita, ingawa mraba ungelitupa. Ikiongezwa M ndani ya duara, inayotoa nyongeza kadiri tundu linavyozidi ukubwa wake mdogo kabisa, tundu la 10.0 hadi 10.2 lililotoka 10.15 linapata nyongeza ya 0.15, jumla 0.43.

Na herufi za datamu, yaani nyuso za kuanzia kupima, zifuatwe kwa mpangilio wake. A, B, C maana yake kipande kikalie uso wa A kwanza kwa pointi tatu, kisha B kwa mbili, kisha C kwa moja. Mpimaji akianza na B, uso usio mraba kamili unainamisha kipande chote, na matundu yaliyo sawa yanasomeka yamehama.