Node.js na faili: haibloki kweli au inatuzuga?

Ukianza Node.js, programu inayoendesha Javascript kwenye seva, kitu cha kwanza utaambiwa usiguse readFileSync, tumia readFile, zote zinasoma faili ila ile inabloki (inasimamisha kila kitu hadi imalize) hii haibloki, basi yameisha. Mimi naona hiyo ni nusu ya stori.

Wanaosema hivyo wana hoja, tena nzito. Javascript yako inakimbia kwenye thredi moja, yaani mfanyakazi mmoja anayefanya kazi moja baada ya nyingine, ukiamua kusoma faili la MB 200 kwa readFileSync katikati ya rikwesti ya mtu, wateja wengine wote wanaganda hadi umalize, hata yule aliyekuja na kaswali kadogo. Hapo sibishi.

Ila chungulia chini kwenye libuv, maktaba inayobeba hizi kazi. Soketi za mtandao ndo kweli hazibloki, kwenye Linux kuna epoll, kama kengele ya mfumo, inakushtua data ikifika. Faili la kawaida la kwenye diski epoll inalikataa kabisa, unarudishiwa kosa la EPERM (hairuhusiwi), na ukiweka O_NONBLOCK, alama ya kuomba faili lisibloki, ni kama hujaweka. Sasa libuv inafanyaje? Inatuma thredi nyingine ikabloki kwa niaba yako, na usipobadilisha ziko nne tu, yaani kijiwe chenye bodaboda nne, abiria wa tano akae kwenye benchi angoje.

Hii ilishanikuta. Seva yangu inasoma vifaili vya KB chache tu lakini watu wakilogin kwa wingi usomaji unakuwa wa kobe, nikalaumu diski weee, kumbe pbkdf2, hesabu nzito ya kulinda paswedi, inapanda bodaboda hizohizo, zlib ya kubana data nayo imo, dns.lookup ya kutafuta anwani za mtandao nayo imo. Nikapandisha UV_THREADPOOL_SIZE, mpangilio wa idadi ya thredi hizo, hadi 16 ikatulia (inaruhusu mpaka 1024, ila sikutumi huko).

Na Sync inasingiziwa sana jamani. Seva ndo kwanza inawaka inasoma konfigi moja, nani anasubiri hapo? require yenyewe, ile ya kuita moduli, inasoma kwa kubloki na hakuna anayelalamika. Kifaili kidogo unaweza hata kukuta Sync inawahi, maana haina safari ya kwenda kwenye thredi na kurudi. Faili kubwa ndani ya rikwesti mimi natumia strimu, inachota KB 64 kwa mara, wakati readFile inakuletea zigo lote kwenye memori.

Dawa ilitegemewa iwe io_uring, njia ya Linux ya kusoma hata faili bila kubloki, iliyoingia Linux 5.1 mwaka 2019. Libuv ikaanza kuitumia 2023, halafu Node wakaizima isijiwashe yenyewe, sababu za kiusalama, kwa hiyo kazi ya faili imebaki kwa zile nne.