Uhai wa Hifadhi Uko Nje ya Vigingi

Nikiulizwa nani aliwaokoa nyumbu wa Serengeti, nawataja kwanza wachanjaji wa ng'ombe. Wengi hutarajia niwataje askari wa wanyamapori, na askari hao nawaheshimu mno, lakini hesabu ya nyumbu inasimulia habari nyingine. Sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe unaowapata pia wanyamapori, ilienea Afrika Mashariki miaka ya 1890, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu kwa pamoja, ikawaachia wafugaji njaa mbaya sana. Hata Serengeti ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ugonjwa huo ulikuwa ungali unaua nyumbu wachanga kila mwaka. Kisha ng'ombe wa maeneo yanayoizunguka hifadhi wakachanjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ikatoweka kwa nyumbu, ambao hakuna aliyewadunga hata sindano moja. Wakati huo walikuwa kama 250,000 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja.

Mambo hayakuishia hapo. Midomo milioni moja ilikula nyasi ambazo zamani zilikauka zikangoja moto wa kiangazi. Moto ukapungua, na miche ya migunga iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata nafasi ya kuwa miti. Yaani chanjo ya ng'ombe nje ya mpaka ilibadili sura ya mbuga ndani ya mpaka. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila mara linanirudisha kwenye swali lilelile: kwa nini bado tunaziendesha hifadhi kana kwamba uhai wake unaanza na kuishia kwenye vigingi?

Nadhani tulirithi kosa hili tangu mwanzo. Yellowstone ilipotengwa nchini Marekani mwaka 1872, karibu kilomita za mraba 9,000, mpaka wake ulichorwa kwa mistari iliyonyooka, karibu umbo la mraba, bila kuuliza mto unapita wapi wala wanyama wanashukia wapi theluji inapozidi. Wenyeji wa kabila la Washoshone walioishi humo waliondolewa, kisha dunia ikaambiwa kwamba lile lilikuwa pori lisilo na mwenyewe. Nyati wa Yellowstone mpaka leo wanalipia mistari ile. Majira ya baridi hushuka kutafuta malisho katika nyanda za chini za jimbo la Montana, na wakishavuka, wengi hukamatwa au kuuawa kwa hofu kwamba watawaambukiza ng'ombe ugonjwa wa kutupa mimba. Mbwamwitu nao walimalizwa humo miaka ya 1920, wakarejeshwa kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996. Ndani ya hifadhi wanalindwa. Wakitoka, baadhi yao hupigwa risasi kihalali.

Serengeti nayo ilichorewa mstari wake. Mwaka 1959 iligawanywa, Wamaasai wakatakiwa kuhamia upande wa Ngorongoro. Lakini nyumbu walewale ambao kwa ajili yao watu walihamishwa huzalia katika nyanda za nyasi fupi, na sehemu kubwa ya nyanda hizo iko upande huohuo wa Ngorongoro, walikohamishiwa wafugaji. Kiangazi kikikaza, nyumbu hao wanategemea Mto Mara, ambao vyanzo vyake viko katika msitu wa Mau nchini Kenya, mbali na geti lolote la hifadhi. Anayekata mti Mau anagusa kiu ya mnyama ambaye huenda asimwone maisha yake yote.

Mfano unaonisikitisha kuliko yote ni Everglades, kusini mwa Florida. Ilifunguliwa mwaka 1947 kama hifadhi ya kinamasi, wakati maji yake hutoka kaskazini, upande wa Ziwa Okeechobee. Mifereji na kuta zilizojengwa kwa ajili ya mashamba na miji ziliyaelekeza maji hayo baharini, na ndege wa majini wenye miguu mirefu wakapungua vibaya ndani ya hifadhi iliyolindwa kisheria. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha mpango mkubwa wa kuyarudisha maji, kazi ya miongo mingi na mabilioni ya dola. Hakuna askari angeweza kuzuia hasara ile kwa doria.

Siwapuuzi askari. Hifadhi ya Virunga nchini Kongo, iliyoanzishwa mwaka 1925, imewazika zaidi ya 200 kati ya waliokuwa wakiilinda. Ninachokataa ni bajeti inayonunua magari na bunduki, halafu ikifika kwa jirani wa hifadhi inakuwa mkono wa birika. Tanzania ina maneno mawili ambayo kila nikiyasikia yananichoma: kifuta jasho, kwa aliyeliwa shamba na tembo, na kifuta machozi, kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Lugha yenyewe inakiri kwamba hiyo si fidia. Mtu aliyekesha akilinda mahindi, akayapoteza alfajiri, anafutwa jasho. Halafu mtu huyohuyo tunamwomba auache wazi ushoroba, yaani njia ya wanyama, unaopita shambani kwake.

Na shoroba hizo ndizo zitakazoamua. Mwaka 1987 mwanabiolojia William Newmark alionyesha kwamba hifadhi za magharibi mwa Amerika Kaskazini zilikuwa zimepoteza aina za mamalia tangu zianzishwe, na zile ndogo zilipoteza zaidi. Hifadhi iliyozingirwa hugeuka kisiwa, na kisiwa hupoteza viumbe polepole, mmoja baada ya mwingine, bila kishindo. Hifadhi ya Nairobi, ya mwaka 1946, ina uzio pande tatu na upande wa kusini bado uko wazi. Uwazi huo umebaki kwa sababu wapo wenye ardhi ambao hawakujenga uzio, baadhi yao wakilipwa kwa uamuzi huo. Kwangu mimi hayo ni malipo halali ya kazi ya uhifadhi, sawa na mshahara wa askari, na yanastahili kuwekwa katika bajeti ya kudumu badala ya kutegemea mfadhili wa msimu.

Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari ifikapo mwaka 2030. Nafurahi kuona nia hiyo, na naiogopa. Asilimia ni rahisi kuifikisha kwa kupaka ramani rangi ya kijani na kuwaondoa watu wasio na wakili. Mwaka huo ukifika na serikali zikaleta ramani zao, mimi nitauliza kwanza Mto Mara ulikuwa na maji kiasi gani mwezi Septemba, na ni nani aliyelipwa kuyalinda kule Mau.