Chipsi Mayai Mpaka Mwanza

Nyie mnaosema Tanzania ina makabila zaidi ya 120 na kila kabila lina chakula chake, naomba mniambie kinauzwa wapi. Maana mimi barabara ya Dar mpaka Mwanza naijua kwa tumbo. Nauza vipuri vya mashine za kusaga na kukamua mafuta: nyundo, chekeche, mikanda, beringi. Kazi yangu ni kutoka mji huu kuingia ule, kulala gesti, kula migahawani. Na ninachokula, kuanzia Morogoro hadi ziwani, ni zege, yaani hizo hizo chipsi mayai.

Sio kwamba nalichukia. Zege la saa nne usiku pale mtaani kwetu, kijana anakaanga huku anapiga mwiko kwenye kikaango kwa mapigo yake, kachumbari pembeni, hilo nitalitetea hata mahakamani. Lakini mtu ukishakaa kwenye basi kutwa nzima, magoti yamegusa kidevu, umefika mahali ambapo hata salamu wanaitikia kivingine, unataka na ulimi nao upewe taarifa kwamba tumesafiri.

Tuanze na basi lenyewe, kwa sababu humo abiria hana kura. Basi linasimama pale dereva anapotaka lisimame, na dereva anataka lisimame pale anapokula bure. Hili kila abiria analijua na hakuna anayelisema, maana huyo huyo dereva ndiye atakayetufikisha. Konda anatangaza, "Dakika kumi na tano, kuchimba dawa na kula!" Tunashuka mbio. Foleni ya kwanza ni ya kulipa, unapewa kikaratasi. Foleni ya pili ni ya kupeleka kikaratasi. Foleni ya tatu ni ya choo, na hiyo nayo ina mia mbili yake. Supu ikija, inachemka. Sisemi ya moto, nasema inachemka, mapovu yanapasuka ndani ya bakuli mbele ya macho yako. Mimi nina imani, na hamtanitoa, kwamba ile supu inachemshwa kwa hesabu: dakika kumi na tano haipoi, honi inalia, unaiacha, bakuli linasubiri basi linalofuata.

Wakati huo dereva na konda wako chumba cha ndani, pazia limeshushwa. Upepo ukilipeperusha, unaona kuku mzima kwenye sinia. Siku moja nilipata kiti karibu na lile pazia nikamsikia dereva analalamika, "Hapa pilipili hamna?" Roho iliniuma. Kwetu huku pilipili ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimejaa mezani.

Haya, Dodoma. Makao makuu ya nchi, yaliamuliwa mwaka 1973, na siku hizi hata treni ya SGR inafika, toka 2024. Bosi wangu anasema nipande treni. Bosi wangu hajawahi kubeba gunia la nyundo za chuma. Tuachane na hilo. Dodoma nina wateja wenye mashine, na mashine zao kutwa zinasaga uwele na mtama. Nasimama pale vumbi la unga linanitua kwenye nyusi, harufu tamu kabisa. Natoka nimejaa unga kichwani mpaka viatuni, naingia mgahawani kuutafuta huo unga ukiwa umeiva.

"Dada, mna ugali wa uwele?"

"Hatuna, kaka."

"Wa mtama?"

"Hatuna."

"Basi hata mlenda."

Akacheka, tena akamwita mwenzake aje naye acheke. "Mlenda si tunakula nyumbani!"

"Sasa hapa mgahawani kuna nini?"

"Kila kitu kipo."

Ukisikia "kila kitu kipo", kaa mkao wa kufunga. Akaniletea menyu, imepigwa plastiki, ina picha. Kuna piza. Kuna kamba wakubwa wamelala kwenye jani la saladi, Dodoma, kilomita 450 kutoka baharini. Nikasema sawa, kama wamefika wenyewe kwa miguu wanastahili kuliwa, nileteeni. Kamba wameisha. Piza? Anayepika piza amekwenda msibani. Wali? Unaiva saa nane. Ilikuwa saa saba kasoro. Kilichokuwepo mnakijua.

Na ile "tunakula nyumbani" ndiyo inayonikera kuliko kamba. Mgeni akija, tunaficha chungu tunachokula kila siku, tunamkaangia kitu ambacho hata kwake kipo. Yule dada jioni anarudi zake nyumbani, anateleza na mlenda wake wenye karanga, mimi kaniacha na kiazi.

Hapohapo nikuibie siri moja ya migahawa ya njiani. Bei haisomwi kwenye menyu, inasomwa kwenye jina unaloitwa mlangoni. Ukiitwa "kaka", utalipa bei ya watu. "Mzee", wanakuhurumia kidogo, na mfupa wa supu unaongezwa. "Anko" ina mia tano juu. "Bosi" ina elfu mbili juu, na soda inafunguliwa kabla hujaagiza. Ukiitwa "mheshimiwa", geuza, kimbia, usiangalie nyuma. Mimi kuna mgahawa niliingia nimevaa koti kwa sababu ya baridi tu, nikaitwa mheshimiwa, nikalivua koti palepale mlangoni, nikashushwa mpaka bosi. Zaidi ya hapo hawakushuka.

Singida sasa. Mkoa wa kuku wa kienyeji na alizeti, huo ndio wasifu wake nchi nzima. Kuku wa Singida nawajua sana, huwa tunapishana. Mimi naenda kwao ndani ya basi, wao wanakuja Dar juu ya basi, kwenye matenga, vichwa nje, wanaona nchi. Nikifika kwao, nakuta wameshaondoka. Mgahawani wamebaki wa kisasa, wale ambao ukivuta paja na mfupa unakuja.

"Wa kienyeji wapo," mhudumu akaniambia, "ila mpaka akamatwe."

Nikasema akamatwe, mimi leo sina haraka. Akaitwa kijana, akaanza kumfukuza mtetea mmoja mwekundu nyuma ya jiko. Wakazunguka pipa la maji, wakapita chini ya meza yangu, wakatokea kwenye meza ya mapolisi wawili waliokuwa wanakunywa chai, nao wakainua miguu bila kuacha mazungumzo. Mtetea akaruka ukuta. Kijana naye akaruka ukuta. Kimya kidogo, halafu tukasikia sauti ya mama huko upande wa pili: "Wewe! Unamkimbizia nini kuku wangu?" Kumbe mgahawa haukuwa na kuku hata mmoja. Walikuwa wanauza wa jirani.

Mimi nikaulizwa kama chipsi niwekewe mayai mawili au matatu.

Tena angalia hiyo sahani vizuri. Nilimuuliza mpishi viazi vimetoka wapi, akasema Njombe. Kiazi kimetoka Nyanda za Juu Kusini, kimepanda lori, kimelala njiani, kimefika Singida kuja kukutana na mimi niliyetoka Dar. Nikachungulia jikoni nione mafuta: dumu la njano lenye picha ya mchikichi, ya kutoka nje. Singida! Ambako asubuhi yake nilikuwa nimemfungia mtu beringi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na mashudu yamerundikana mlangoni kwake mpaka mbuzi wamenenepa. Mafuta ya alizeti nayo yamepanda gari yanakwenda Dar, yako kwenye chupa yenye lebo nzuri, jirani yangu anayapikia. Yaani chakula cha mkoa ukitaka kukila, usiende mkoani. Kaa Dar, kitakufuata.

Ukiteremka Sekenke ukaingia mbuga ya Wembere, joto linakuondolea hata hamu ya kulalamika. Igunga napita. Nzega nilishuka nikaomba chai, na kwa kuwa Nzega ni mkoa wa Tabora, na Tabora ndiyo asali, nikaomba iwekwe asali. Nikaletewa bakuli la sukari na maelezo: "Asali iko dukani." Shinyanga sina neno baya. Kule mama mmoja pembeni ya stendi ana matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, kikombe cha chai ya maziwa, unakaa kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi, unakula huku umejishikiza. Sina la kulalamika, ndiyo maana sisemi sana.

Najua kuna mtu hapo ananing'ang'ania: si ule kwa mama lishe kila mahali? Ndugu yangu, unadhani sijui? Kwa mama lishe ndiko chakula kilipo. Tatizo langu liko Dar, ghorofa ya kwanza, linakaa nyuma ya kompyuta, linaitwa mhasibu. Mhasibu wetu anataka risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Zile mashine zimeanza nchini mwaka 2010, na toka hapo huyu bwana haamini kitu kisichotoka kwenye ile mashine. Bila risiti yenye namba zake zote, ananiambia, "Hiyo hela umekula wewe." Ndiyo! Nimekula mimi! Ndiyo maana inaitwa hela ya kula! Ulitaka ale nani?

Sasa mama lishe ana sufuria, ana mkaa, ana ndoo ya maji ya kunawa, EFD hana. Mwenye EFD ni ule mgahawa wa viyoyozi na menyu ya plastiki. Kwa hiyo kampuni inanilipia zege kwa moyo mkunjufu, lakini nikitaka kula chakula, nijilipie. Nimeshawahi kukaa mgahawani nimemaliza chipsi, nina risiti mfukoni, halafu navuka barabara kwenda kula.

Mwanza ndiyo ilinishinda. Mji umekaa juu ya ziwa, ukitupa jiwe dirishani linaingia majini. Sangara waliletwa humo ziwani miaka ya 1950, wakawala furu, visamaki vyetu vya asili, mpaka furu wakawa hadithi, nikasema angalau nami nikamle sangara tulipe kisasi. Wapi! Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwake, yanakwenda China, na kwenye mgahawa wenye EFD, wenye mandhari ya ziwa lote, naambiwa samaki wameisha, labda fish fingers. Nikauliza hizo vidole vya samaki vinatoka wapi. Vinatoka kwenye friji.

Nikasema potelea mbali. Nikachukua bodaboda mpaka mwaloni Kirumba, nikapita katikati ya magunia ya dagaa, nikakaa kwa mama mmoja mwenye jiko la kuni na kanga kiunoni. Hakuna menyu. Hakuniita bosi, aliniita "mwanangu" na huku umri wetu haupishani sana. Akaniletea sato wa kuchemsha, nyanya na kitunguu tu, limao, pilipili mbichi imelala pembeni, na ugali wa muhogo uliovutika. Nikanawa. Jamani. Sikusema neno mpaka nilipofika kwenye kichwa, na kichwa nilikishika kwa mikono miwili.

Wakati wa kulipa, mazoea yakanitoka mdomoni. "Mama, naomba risiti."

"Risiti ya nini, mwanangu? Hujashiba?"

"Nimeshiba, mama. Kuna mtu Dar hataamini."

Akanionea huruma ya kweli. Akachana kipande cha boksi la biskuti, akaazima kalamu ya mpima samaki wa jirani, akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, akamalizia na saini yenye mkia mrefu. Nikaona lile boksi lina hadhi kuliko risiti zangu zote, nikalibana pamoja na nyingine, nikapiga picha, nikatuma.

Jibu lilikuja nikiwa bado natafuta kijiti cha meno. Mhasibu amepitisha zege la Dodoma, amepitisha la Singida, amepitisha hata soda ambayo sikuiagiza. Ila kwenye kipande cha boksi ameweka alama nyekundu na maneno haya: "Malipo kwa SATO, shilingi 10,000. Huyu kibarua alifanya kazi gani? Ambatanisha nakala ya kitambulisho chake cha NIDA."

Nimemjibu kuwa Sato hana NIDA. Alikuwa na miba, na hiyo nimeiacha Kirumba.