Kataliti ya pikapu ikifa, ununue ipi?

Ndugu yangu hubeba nyanya kutoka Ilula, Iringa, kwenda Dar es Salaam kwa pikapu ya petroli, Toyota Hilux yenye injini ya V6 ya lita 4.0, iliyoletwa mtumba kutoka Dubai. Safari moja, akirudi na matenga matupu, gari likamshinda kwenye mlima wa Kitonga. Anakanyaga, injini inanguruma, mwendo hauji. Alipofika Iringa mjini wakachomeka mashine gereji, ikaandika P0430: kataliti ya safu ya pili ya silinda, lile kopo kwenye bomba la moshi linalopunguza sumu, haisafishi moshi inavyopaswa. Fundi akampa njia tatu. Anunue jenuini ya Toyota yenyewe, anunue mbadala ya kampuni nyingine, au wapasue kopo, watoe sega la ndani na kulichomelea tena likiwa tupu. Kabla hajajibu, kijana aliyesimama pembeni alishamtajia bei ya kununua ile mbovu.

Akanipigia simu kuniuliza. Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Hapa nataka kulipima swali vizuri, maana linaulizwa kila siku kwenye maduka ya spea kuanzia Gerezani ya Dar hadi Grogan ya Nairobi, na majibu mengi yanayotolewa yanaharibu magari na vifua vya watu.

Tuanze na kopo lenyewe. Ndani yake kuna sega la kauri lenye matundu membamba, na kuta za matundu hayo zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Likishapata joto la nyuzi 300 hivi, hugeuza kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua na oksaidi za naitrojeni kuwa hewa zisizo na sumu ya namna ile. Kuna kitu cha nne ambacho wauzaji hawakitaji: seria, inayoweka akiba ya oksijeni na kuitoa moshi unapoihitaji. Hii ndiyo inayoleta tofauti kubwa kati ya kataliti na kataliti. Sensa ya oksijeni iliyo mbele ya kataliti husoma oksijeni ikipanda na kushuka. Iliyo nyuma yake inatakiwa itulie. Akiba ikiwa ndogo, sensa ya nyuma huanza kuigiza ya mbele, na kompyuta ya gari inawasha taa ya injini kwenye dashibodi.

Wanaotetea jenuini wana hoja nzito hapo. Madini hayo ni ghali, na rodiamu ilikaribia dola 30,000 kwa aunsi moja mwaka 2021. Anayetengeneza kataliti ya bei rahisi hupunguza kwanza kile ambacho mnunuzi hakioni. Ganda linang'aa, flenji zinakaa, gari linapumua, kisha baada ya miezi michache taa ileile inarudi. Umelipa mara moja kwa spea, mara ya pili kwa fundi, na bado uko pale ulipokuwa.

Marekani, ambako kataliti mbadala zina kanuni tangu 1986, pengo hilo limeandikwa kwa namba. Kataliti iliyokuja na gari hudhaminiwa miaka 8 au maili 80,000, karibu kilomita 129,000. Mbadala, kwa kanuni za taifa zima, hudhaminiwa utendaji wake kwa maili 25,000, kama kilomita 40,000. Lakini California ilikaza kuanzia 2009: mbadala inayouzwa kule lazima ielewane na kompyuta ya gari na idhaminiwe miaka 5 au maili 50,000. New York ikafuata 2013. Kwangu mimi, California inajibu nusu ya ubishi huu. Mbadala nzuri inawezekana kutengenezwa, na viwanda huitengeneza pale sheria inapoitaka. Shida yetu ni kwamba dukani kwetu nzuri na mbaya zinakaa rafu moja, na muuzaji anaziita zote "orijino ya Taiwan".

Kwa upande wa mbadala, hoja kubwa ni umri wa gari. Jenuini ya V6 ni ghali mara kadhaa kuliko mbadala, na V6 ina safu mbili za silinda, kila moja na kataliti yake. Kumwambia mtu mwenye pikapu iliyotembea kilomita 280,000 anunue jenuini mbili mpya ni kumwambia aweke kwenye bomba la moshi pesa ambayo ingefanya injini nzima. Gari likiwa bado changa na unataka kukaa nalo miaka kumi, nunua jenuini, na ununue kwa wakala, kwa sababu boksi la jenuini nalo linaghushiwa. Kama la ndugu yangu, mbadala inatosha, ilimradi ganda liwe limegongwa namba ya idhini na mshale wa kuelekeza moshi, na muuzaji akubali kuandika kwenye risiti dhamana ya kilomita. Anayekataa kuandika ameshakuambia anachokijua kuhusu mali yake.

Njia ya tatu, bomba tupu, ndiyo inayopendwa kuliko zote, na sababu zake hazinishawishi. Wanasema gari linapata nguvu. Linapata, kwa kuwa lililotolewa lilikuwa limeziba; weka kataliti nzima na nguvu zinarudi zilezile. Wanasema petroli yetu inaziua kataliti. Ilikuwa kweli enzi petroli ilipotiwa madini ya risasi, lakini Afrika kusini mwa Sahara iliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Uchakachuaji ulikuwepo na bado upo, ingawa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010. Kisha wanakuja na ujanja wa kusogeza sensa ya nyuma kwa kibomba kirefu ili isione moshi sawasawa. Taa inazimika, sumu inaendelea kutoka, tena kwenye urefu wa pua ya mtoto anayesubiri daladala Ubungo. Hapo siwezi kupima pande mbili kwa usawa. Rodiamu nyingi na platinamu nyingi ya dunia huchimbwa Afrika Kusini. Inasafiri hadi kiwandani, inarudi kwetu ndani ya gari la mtumba, nasi tunaipasua kwa grainda na kuiuza kwa bei ya siku moja ya chakula.

Kwa bomba la nyuma na silensa nina msimamo mwingine kabisa. Pale sioni sababu ya kumlipa wakala. Bomba ni bomba: kipenyo kisibadilike, chuma kisiwe chembamba kama bati la paa, na silensa iwe na ujazo unaofanana na ya zamani. Fundi mzuri wa kuchomelea atakutengenezea linalodumu. Sehemu ya kuwa mkali ni kuanzia kwenye manifoldi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, hadi sensa ya nyuma. Tundu dogo pale linavuta hewa ya nje, sensa inadanganyika, na unaweza kubadilisha kataliti nzima bure. Moshi unaovuja chini ya kibanda cha dereva una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu. Dereva anayelala ndani injini ikiwaka yuko hatarini.

Lakini kilichonitia wasiwasi zaidi kwenye simu ya ndugu yangu ni kwamba hakuna aliyekuwa ameuliza kataliti ilikufa na nini. Kataliti haizeeki tu. Mara nyingi huuawa. Silinda isiyowaka vizuri humwaga petroli mbichi, inaungulia ndani ya sega, na kauri inayeyuka. Injini inayokula oili huipaka fosforasi hadi madini yasiguse moshi. Ukifunga mpya juu ya ugonjwa uleule, jenuini itakufa kama mbadala, kwa hasara kubwa zaidi.

Nilimwomba arudi kwa fundi, watoe sensa ya mbele na kufunga geji ya presha mahali pake, safu moja baada ya nyingine. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika safu ya pili ilivuka kwa mbali psi 3, presha inayoonyesha kuwa njia ya moshi imeziba. Ya kwanza ilikuwa chini kabisa. Wakafungua plagi. Ya silinda moja ya safu ya pili ilikuwa imelowa, koili yake ya kuwashia imekufa. Walibadilisha koili, wakaweka plagi mpya zote sita, wakafunga kataliti mbadala moja upande huo tu. Silensa iliyokuwa imeoza ilitengenezwa palepale gereji. Ile kataliti mbovu aliichukua mwenyewe, kijana wa pembeni akakosa.

Kitonga sasa anapanda bila kuhangaika. Risiti iko kwenye droo ya dashibodi, imeandikwa kwa kalamu kilomita za siku ile, na tumekubaliana anipigie taa ikiwaka kabla ya kilomita 40,000.